Kutafuta Ndege Katika Mji wa Mawe Meusi

Mtu wa Katoyi, hapa Goma, akikuambia kwamba mtaani kwake hakuna ndege ila kunguru na mwewe, usimbishie haraka. Anachokiona kila siku ni mabati, vumbi na mawe ya volkano. Mvua Goma tunaipata, tena nyingi, lakini jiwe letu halishiki maji: yanamwagika, yanazama, basi. Mjini hakuna mto hata mmoja, ndiyo maana watu wanahangaika na mabido ya njano ya kuchotea maji. Kwa ndege, hapa ni kama jangwani, na mbinu ya jangwani ndiyo inayofaa: tafuta maji kwanza.

Anzia uani. Robine inayovuja inatosha. Kaa kimya hatua kumi mbali nayo, saa kumi na mbili asubuhi, kabla foleni ya maji haijajaa. Atakuja yule mdogo mweusi na mweupe anayetikisatikisa mkia. Kama jirani ana mgomba, tazama ua lake linaloning'inia: chozi hupenda kulishika kwa kucha na kuingiza mdomo wake uliopinda.

Kisha jifunze kusoma mawe. Lava ya mwaka 2021, upande wa Buhene, bado ni changa. Katikati yake utapoteza muda. Jiwe likivaa utando wa kijivu limeanza kuzeeka, na likiota vichaka, wadudu na mbegu vimefika. Simama pale weusi unapokutana na kijani.

Ukiwa na nauli ya pikipiki, shuka ziwani Kituku mitumbwi ya wavuvi wa samaki aina ya sambaza inaporudi. Mtafute mdiria wa madoa meusi na meupe. Husimama hewani juu ya maji, mabawa yakienda mbio, kichwa kimetulia tuli, mdomo umeelekea chini. Ghafla anajitupa. Akipata samaki, humpigapiga kwenye tawi kwanza, halafu humgeuza ammeze kuanzia kichwani. Kati ya Oktoba na Machi tazama juu pia: mbayuwayu waliotoka Ulaya wanapita.

Kwenye ziwa Lac Vert, magharibi ya mji, panavutia, ila huko alfajiri si rafiki. Kuna mazuku: hewa ya ukaa inayotoka ardhini, nzito, isiyo na rangi wala harufu, inayotuama kwenye mabonde na mashimo usiku na asubuhi kusipokuwa na upepo. Inaua. Ukikuta ndege amekufa shimoni bila jeraha, usiiname kumtazama; panda juu upesi. Nenda na mwenyeji, subiri jua lipande na upepo uvume, na mtoto asitangulie mbele. Heri kukosa ndege wawili wa alfajiri kuliko kupoteza maisha.

Darubini ibaki mfukoni ukiwa karibu na uwanja wa ndege, kambi au mpaka. Askari hatajua kama unamtazama chozi au yeye. Na pembezoni mwa mji, kuelekea Mugunga na Sake, vita vimeacha mabomu ambayo hayajalipuka. Usitoke njiani, hata sauti iliyo kichakani iwe nzuri namna gani.

Beba daftari. Andika tarehe, saa, mahali, na ndege alikuwa akifanya nini. Jina likikushinda, waulize wazee wanaojua Kihunde au Kinande, ukiwaeleza alivyolia na alichokuwa anakula.