Umati Nao Una Ratiba

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, saa tano asubuhi, nilisimama chini ya maporomoko ya Materuni nikisubiri watu wapungue. Mbele yangu kulikuwa na kundi lililokuja kusherehekea siku ya kuzaliwa, wote wamevaa fulana za rangi moja. Walianza na picha za pamoja, kisha za wawiliwawili, kisha za mmoja mmoja. Walipotoka, wakaingia watalii watano kuoga. Baada ya dakika hamsini nilipandisha mlima kurudi kijijini, kwenye kamera nina migongo ya watu kumi na moja.

Wenzangu hawakuwa na kosa. Kiingilio walilipa kama mimi nilivyolipa. Mimi ndiye niliyechunguza hali ya hewa wiki nzima nisimuulize hata mtu mmoja kule watu hufika saa ngapi.

Ukishajua swali hilo, jibu si gumu. Materuni iko kilomita 15 hivi kutoka Moshi mjini, na wageni wengi hulala mjini. Wananywa chai bila haraka, gari linawachukua saa tatu, halafu kuna mwendo wa miguu wa dakika 40 hivi katikati ya migomba na mibuni. Piga hesabu: saa nne na nusu bonde limejaa. Mchana wanarudi juu kwa ajili ya kahawa, ile ya kukaanga na kutwanga kwenye kinu huku wakiimba, na bonde linapumua tena alasiri. Kwa hiyo una nafasi mbili, na ya asubuhi ndiyo bora. Mpigie mwongozaji jioni ya jana yake mkubaliane saa na malipo, maana ukitokea tu alfajiri huenda usimkute mtu wa kukupokea. Njiani utakutana na akina mama wametoka kukata majani ya ng'ombe. Wasalimie kwanza, mambo ya kamera baadaye.

Nuru ya asubuhi inahitaji mpangilio. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima. Moshi mjini jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa mbili na nusu mwanga umeshakuwa mkali, vivuli vyeusi tititi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nacho siku nyingi hujifunika mawingu kabla ya saa nne. Basi anza na mlima, ukiwa bado barabarani, ndipo ushuke bondeni. Bonde ni jembamba na lina kina, jua huchelewa kulifikia, na mwanga ule wa kivulini ndio maji yanaoupenda. Siku ya mawingu mazito, ambayo wengine huahirisha safari, mimi ndipo huamka mapema zaidi.

Na ukichelewa je? Tazama watu wanaposimama. Karibu wote husimama palepale mwongozaji anapowaonyesha, kwenye mawe mbele ya dimbwi. Maporomoko yenyewe yana urefu wa mita 80 hivi, na mtu mrefu hafiki mita mbili. Rudi nyuma hatua thelathini, weka lenzi ndefu, 70–200 inatosha, ukate fremu juu ya vichwa vyao. Unabaki na ukuta wa mwamba, majani yanayodondosha maji, na uzi mweupe unaoshuka. Picha zangu nzuri za Materuni hazina dimbwi kabisa.

Ukilitaka dimbwi lazima, kuna njia mbili. Ya kwanza ni filta nyeusi ya stopu 10: picha ya sekunde 1/30 inakuwa ya sekunde 30 na ushee, na anayepita hapo katikati hafiki kwenye picha. Anayesimama kujipiga selfi, huyo atabaki kama mzimu. Kwa hao tumia njia ya pili. Tripodi isiguswe, mfiduo na fokasi viwe vya mkono, piga picha 15 kila baada ya sekunde ishirini, kisha ziunganishe kwenye Photoshop kwa hesabu ya kati. Programu hubakiza kile kilichoonekana mara nyingi zaidi: jiwe lililo wazi katika picha kumi linabaki, aliyelikalia katika picha tano anafutika. Katikati ya picha na picha funika lenzi, maana manyunyu hayana huruma. Mimi hubeba vitambaa vitatu, na cha tatu huwa hakibaki kikavu. Miguu ya tripodi usiitege njiani. Mawe yale yanateleza na watu wanashika chochote kilicho karibu.

Chemchemi za Chemka ni habari nyingine. Jumapili kuna muziki, nyama choma na foleni ya kamba ya kurukia, na hakuna saa ya mchana utakayopata utulivu. Usishindane. Jua la utosini linaloharibu mandhari kwingine, pale ndilo linaloingia majini na kutoa ile buluu kati ya mizizi ya mikuyu. Filta ya polaraiza, izungushe polepole mpaka mng'ao wa juu uondoke. Kisha pangia fokasi kwenye hewa tupu pale kamba inapoishia, shata 1/1000, umsubiri mrukaji. Mwombe kabla hajapanda: "Kaka, naomba nikupige ukiruka, nitakutumia WhatsApp." Na utume kweli. Mtoto, muulize mzazi wake. Waliovaa nguo za kuogelea na hawajakuita, geuza lenzi.

Droni iache nyumbani kama huna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hata ukiwa nacho, mlio wake bondeni unakera.

Ukifanya haya Materuni, saa nne kasorobo utakuwa unapanda kurudi, tripodi begani, na utapishana na wageni wakishuka. Watakuuliza kama bado ni mbali. Waambie kona mbili tu, na wavue viatu vyeupe.