Rangi Inayofichua Oksijeni Kali

Bila shaka unakumbuka jaribio lile la ini: kipande kinatiwa ndani ya haidrojeni peroksaidi na povu linafoka mpaka mezani. Ini lina kimeng'enya kiitwacho katalasi, kinachovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Lakini ini lina shughuli gani na sumu hiyo? Ni kwamba seli zenyewe huitengeneza zikipumua! Peroksaidi na jamaa zake ndizo oksijeni kali. Zikiwa kidogo husaidia mwili kuua vijidudu, zikizidi huunguza seli.

Sasa utaionaje ndani ya seli iliyo hai? Wanasayansi hutumia rangi, mojawapo ikiitwa DCFH-DA. Sisi wa Busia na Malaba tutaielewa upesi, maana ni mambo ya mpaka tu. Rangi hiyo hubeba vipande viwili vya asetati, navyo huivusha utando wa seli kama lori lenye karatasi kamili. Ikishaingia, vimeng'enya huinyang'anya karatasi zile, basi kurudi inakuwa taabu. Mpaka hapo haing'ai. Ikigeuzwa na oksijeni kali, halafu imulikwe kwa mwanga wa buluu chini ya hadubini maalumu, seli inawaka kijani.

Na kwetu malaria haikosi. Dawa ya AL, ambayo Kenya ilianza kuisambaza mwaka 2006, ina atemetha, jamaa ya atemisinini iliyompatia Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kimelea hula himoglobini, kwa hivyo hujijazia chuma. Chuma hicho huvunja daraja la oksijeni lililo katika dawa, zikatoka chembe kali zinazokiunguza. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba kaskazini mwa Uganda kuna vimelea ambavyo dawa za jamii hii huvimaliza polepole. Gulu si mbali hivyo, jamani, na vimelea husafiri katika damu ya wasafiri. Ndiyo sababu ni muhimu kujua dawa inaunguza vipi.

Hata hivyo, usiiamini kijani haraka. Rangi hii haigeuzwi na peroksaidi peke yake; huhitaji chuma au kimeng'enya cha kusaidia, na hata taa ya hadubini yaweza kuiwasha. Kwa kimelea kilichojaa chuma, hilo ni tatizo kweli kweli. Mtafiti makini hulinganisha: seli zenye rangi bila dawa, zenye rangi na dawa, na nyingine zilizoongezwa kitu cha kuzima oksijeni kali. Kijani kikififia katika zile za mwisho, hapo ana la kusema.