Sindano ya Ng'ombe Isikuchome Wewe
Ng'ombe akirusha teke, sindano humgeukia anayedunga. Mbane vizuri kwanza, na usiishike sindano mdomoni wala kuiweka mfukoni. Ukimaliza, usirudishie kifuniko. Itumbukize kwenye dumu gumu la plastiki lenye mfuniko. Watoto hutembea peku zizini, kwa hiyo hata moja isibaki kwenye samadi. Dumu likifika robo tatu, lifunge umpelekee afisa mifugo.

Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usinyonye damu. Kisha wahi zahanati ukiwa na chupa ya dawa, hata kama kidonda hakionekani. Chanjo hai ya ugonjwa wa kutupa mimba inaweza kumwambukiza binadamu, na dawa ya tilmikosini inaweza kusimamisha moyo. Daktari ataanzia kwenye chupa hiyo.