Tuutunze Moyo: Somo Kutoka Kisii

Watu wengi husema ya kuwa presha ni ugonjwa wa uzee: mtu akipita miaka hamsini, sharti shinikizo la damu yake lipande, wala hakuna la kufanya. Maneno hayo si ya kweli, na ushahidi mmoja ulipatikana katika nchi ya Kisii yenyewe.

Zamani daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, alifanya kazi katika Wilaya ya South Kavirondo, ambayo boma lake lilikuwa Kisii. Nyamira nayo ilikuwa ndani ya wilaya hiyo. Mwaka 1929 aliandika habari zake katika Lancet, gazeti la madaktari la Uingereza. Aliwapima watu wapatao elfu moja, na katika muda wa miaka miwili hivi hakukuta hata mgonjwa mmoja mwenye shinikizo la damu lililozidi. Tena aliona kuwa, baada ya miaka arobaini, shinikizo la watu hao halikupanda kama la Wazungu, bali lilielekea kushuka.

Baadaye wataalamu waliwachunguza Wajaluo, majirani wa Wakisii, waliotoka vijijini kwenda kukaa Nairobi. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1990. Shinikizo la wahamiaji lilipanda mapema baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulionyesha kuwa walikula chumvi nyingi kuliko wenzao waliobaki nyumbani. Kabila ni lile lile. Kilichobadilika ni maisha. Kufika mwaka 2015, uchunguzi wa serikali ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne nchini Kenya alikuwa na presha.

Moyo ni kama ngumi kwa ukubwa, nao hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Shinikizo likizidi, hufanana na mchukuzi apandishaye mkungu wa ndizi mlimani bila kupumzika: misuli yake hunenepa, kisha huchoka. Mishipa nayo huharibika, na mtu aweza kupatwa na kiharusi au ugonjwa wa figo. Basi na tufanye haya:

1. Tupunguze chumvi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na viungo vya mchuzi vya dukani. Magadi yatiwayo katika mboga ili zilainike nayo huongeza mzigo ule ule.

2. Tule vya shambani. Wimbi, chinsaga, managu, maharagwe, ndizi na parachichi hustawi katika vilima vyetu. Si busara mkulima kuviuza vyote sokoni, kisha fedha zile zile azinunulie soda, mkate mweupe na vyakula vilivyokaangwa.

3. Tutumie miguu. Mchuma majani ya chai hana haja ya kufundishwa jambo hili. Lakini karani, mwalimu, mwenye duka na dereva wa pikipiki hukaa kutwa. Yawafaa kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kila juma.

4. Tuache tumbaku, ya kuvuta na ya kunusa, na tujiepushe na pombe, hasa chang'aa.

5. Tupimwe. Presha mara nyingi haina maumivu wala dalili. Ikiwa vipimo vyarudia kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi, mtu asikilize shauri la daktari. Wako pia wanaorithi wepesi wa kuugua, hata wakiishi vizuri. Hao nao husaidiwa na dawa. Aliyepewa dawa asiache kuzimeza kwa kuwa anajiona mzima: ni dawa hizo zinazomweka katika hali hiyo.

Jambo la mwisho ni zito. Mtu aliyelala mzima akiamka mdomo umepinda, mkono umelegea na ulimi umekuwa mzito, wako wasemao kuwa amerogwa. Hapo saa za matibabu hupotea, na jirani mzee asiye na hatia huanza kutazamwa kwa jicho baya. Huo ni kiharusi, na chanzo chake kikubwa ni presha isiyotibiwa. Mgonjwa na apelekwe hospitali saa ile ile.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Msomaji, uwasomee habari hizi wazee wa nyumbani wasiojua kusoma, kisha ufuatane nao mpaka zahanati, wakapimwe wao, nawe upimwe.