Bendera kama Matini: Usomekaji na Umiliki wa Ishara katika Bendera za Majimbo ya Marekani

Mhakiki anapokabiliana na ishara katika matini, aghalabu huuliza maswali mawili: je, ishara hii inasomeka? Na je, ni ya nani? Katika mjadala kuhusu kubuniwa upya kwa bendera za majimbo ya Marekani, swali la kwanza limejibiwa kwa mapana, ilhali la pili limekuwa likirukwa. Makala haya yanadai kwamba bendera inaweza kusomeka vyema mno na bado ikawa na kasoro kubwa. Suala lenyewe si geni kwa msomaji wa Kenya, maadamu Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila mojawapo ya kaunti 47 iwe na bendera, nembo na muhuri.

Mintarafu ya usomekaji, mwongozo unaotajwa sana ni kijitabu cha Ted Kaye. Kwa mujibu wake, bendera nzuri ni sahili kiasi kwamba mtoto anaweza kuichora bila kuitazama; ishara zake zina maana; rangi zake za msingi ni mbili au tatu; haina maandishi wala muhuri; tena hutofautiana na nyingine, au hufanana nazo kwa sababu ya uhusiano uliopo. Kanuni inayohusu maandishi ndiyo huzua ubishi. Mswahili ana haki ya kuuliza: mbona leso hubeba jina na bado ikapendeza? Jawabu limo katika masafa ya msomaji. Leso husomwa kwa karibu, pengine na mke mwenza aliyekusudiwa. Bendera husomwa kwa mbali, ikipepea, na aliye upande wa pili huona herufi zimegeuka. Hata hivyo, takriban majimbo 20 yangali yanapeperusha muhuri juu ya kitambaa cha buluu. Muhuri ulibuniwa ili ugongwe kwenye karatasi. Ukipandishwa mlingotini hugeuka doa. Ndiyo maana baadhi ya majimbo huandika jina lao papo hapo, mithili ya mshairi anayelazimika kuambatisha maelezo ili shairi lake lieleweke.

Georgia ndiyo inayodhihirisha vyema upungufu wa kanuni hizo. Mwaka 1956, miaka miwili baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuharamisha utengano wa rangi katika shule za umma, jimbo hilo liliingiza katika bendera yake msalaba wa nyota wa jeshi la Shirikisho la Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga na kupigania kudumishwa kwa utumwa katika vita vya 1861 hadi 1865. Mwaka 2001 gavana Roy Barnes alifanikisha kubadilishwa kwa bendera hiyo. Mahali pake pakaja muhuri, nyota 13, utepe wenye bendera tano ndogo na maandishi juu ya maandishi. Mwaka huohuo chama cha wataalamu wa bendera cha Amerika Kaskazini kilipokusanya maoni kuhusu bendera 72 za Marekani na Kanada, hiyo ya Georgia ilishika mkia. Barnes naye alishindwa katika uchaguzi wa 2002.

Bendera iliyofuata, ya mwaka 2003, ina milia mitatu, pembe ya buluu na duara la nyota 13 lililozingira nembo ya jimbo. Kwa kigezo cha usomekaji, hiyo ni nafuu kubwa. Ila umbo lake limetokana na bendera ya kwanza ya kitaifa ya Shirikisho lilelile! Alama iliyotambulika na kila mtu iliondoka, ikaja nyingine inayotambuliwa na wajuzi wa historia. Iwe ilikusudiwa hivyo au la, hilo ni fumbo kwa maana kamili ya neno: mlengwa huelewa, mpita njia hupita. Kanuni za Kaye hazina namna ya kulinasa.

Mississippi ilikwenda kinyume. Mwaka 2001 takriban asilimia 64 ya wapigakura walichagua kuihifadhi bendera ya 1894 yenye msalaba uo huo. Baada ya mauaji ya George Floyd mwezi Mei 2020, bunge la jimbo liliiondoa bendera hiyo na kuweka masharti mawili kwa wabunifu: msalaba usiwepo, na maneno ya kutangaza kumtumainia Mungu yawepo. Sheria yenyewe, basi, iliamuru kanuni ivunjwe. Miongoni mwa michoro ipatayo 3,000 liliteuliwa ua la mgnolia, likazungukwa na nyota 20 nyeupe pamoja na moja ya dhahabu inayowakilisha wenyeji asilia. Mwezi Novemba 2020 takriban asilimia 73 waliikubali. Maandishi yale ni dosari ya ubunifu, lakini yamkini ndiyo bei ya ridhaa.

Iliyoongoza katika orodha ya 2001 ni ya New Mexico: jua jekundu juu ya manjano, lenye miale 16 katika mafungu manne. Ni vigumu kuikosoa kwa jicho. Ishara hiyo, hata hivyo, ni takatifu kwa watu wa Zia. Harry Mera aliitoa katika chungu chao, na jimbo likaipitisha mwaka 1925 bila idhini yao. Tangu miaka ya 1990 Wazia wamekuwa wakidai fidia. Bendera iliyosifiwa kuliko zote imejengwa juu ya kitu cha kuchukuliwa.

Minnesota ilijaribu kuyajibu maswali yote mawili kwa pamoja. Muhuri wake wa zamani ulimsawiri mkulima mzungu akilima, bunduki yake ikiwa kando, huku mwenyeji asilia akiondoka juu ya farasi. Kamati iliyoundwa mwaka 2023 iliwajumuisha wawakilishi wa Wadakota na Waojibwe, ikapokea michoro ya bendera zaidi ya 2,000. Matokeo yake ni nyota nyeupe yenye ncha nane juu ya buluu iliyokoza, na buluu nyepesi inayoashiria maji. Jina la jimbo lenyewe lina asili ya Kidakota na linahusu maji yanayoakisi mbingu. Ilianza kutumika rasmi tarehe 11 Mei 2024. Baadhi ya kaunti na miji iliipinga. Miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kwamba wananchi hawakuipigia kura, jambo ambalo watu wa Mississippi walikuwa wamelipata.