Safari ya Elimu na Marejeo Yake

Ndugu zetu Waislamu, darasa letu la leo ni juu ya kijana aendaye kusoma nchi za mbali. Wazee wengi wa mwambao wana khofu asije akapoteza dini na adabu. Wengine hufurahia safari tu, wakadhani shahada ndiyo mwisho wa jambo.

Katika Sura ya Tawba, aya ya 122, twafunzwa kuwa Waumini hawatoki wote pamoja. Hutoka baadhi yao kujifunza dini, ili wawaonye watu wao watakaporejea. Tuzingatie huko kurejea. Aya yahusu elimu ya dini, lakini adabu yake yamfaa kila mwanafunzi: atokaye hutoka kwa ajili ya waliobaki.

Tutazame mfano wa Nairobi. Wangari Maathai hakuwa wa dini yetu, lakini jambo jema hufunza popote lilipo. Mwaka 1960 alipelekwa Marekani pamoja na vijana wengine wa Kenya, akasoma elimu ya viumbe Kansas na Pittsburgh. Aliporejea mwaka 1966 alikuta kazi aliyoahidiwa amepewa mwengine. Hakukata tamaa. Alipata kazi nyingine chuoni Nairobi, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari. Alipokuwa akichunguza kupe wa ng'ombe, aliona ng'ombe wamekonda na mito yachukua udongo wa mashamba. Mwaka 1977 akaanza kuwapandisha kina mama miti. Mwaka 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, katikati ya mji; alitukanwa, na jumba halikujengwa. Leo taasisi ya chuo kikuu yenye jina lake iko Kabete, magharibi ya mji.

Basi ng'ambo ilimpa elimu, lakini elimu ile ilizaa alipoitia katika udongo wa kwao.

Nasi yatupasa mambo matatu. Kwanza, kumfunza mtoto dini yake kabla hajaondoka. Khofu peke yake si malezi. Pili, tusimkatie khabari za nyumbani akiwa ugenini. Tatu, akirejea tumpe kazi ya kufanya na tumsikilize. Tukimwita aliyepotea kwa sababu ameuliza swali, sisi ndio tuliompoteza.

Kila mmoja wetu na ajiulize: vijana waliorejea mtaani kwetu, tumewakabidhi nini?

Wabillahi tawfiq.