Mpango wa Jumamosi: Somo la Kutazama Mechi Ndogo

"Mwalimu, ulituona?"

Swali hili niliulizwa Jumatatu moja asubuhi ya mwezi wa Aprili, mbele ya ofisi ya walimu. Aliyeniuliza ni kijana wa Kidato cha Pili, mlinda mlango wa timu yetu. Jumamosi iliyotangulia vijana wetu walikuwa wamecheza na shule jirani katika mashindano ya UMISSETA ya wilaya. Walishinda bao moja kwa bila, na kijana huyo alipangua penalti dakika za mwisho. Shule nzima ilikuwa na habari hiyo. Mimi sikuiona penalti ile. Nilikuwa nimeketi katika banda la video, lile watu waliitalo kibanda umiza, nikitazama mpira wa Uingereza. Nilipofika uwanjani wachezaji walikuwa wakikunja jezi.

Sikuwa na la kumjibu ila kweli. Akasema, "Haidhuru, Mwalimu," akaenda zake darasani.

Neno lile limenikaa moyoni, nalo ndilo lililonishurutisha kuandika somo hili. Mimi hufundisha jiografia, basi wasomaji wasishangae nikianza na mji wa mbali na kumaliza na hesabu za saa.

1. Mji wenye mpira wa zamani

Miaka kadhaa iliyopita nilipata nafasi ya kusoma mwaka mmoja katika mji wa Sheffield, Uingereza. Nilidhani nikifika huko nitatazama timu kubwa kila juma. Tiketi zilinishinda kwa bei. Ndipo jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya chuma, aliponichukua kunionyesha mpira mwingine.

Sheffield ni mji wa heshima katika historia ya mchezo huu. Klabu ya Sheffield FC iliundwa tarehe 24 Oktoba 1857, nayo inatambuliwa kuwa klabu ya kandanda iliyo kongwe kuliko zote duniani. Katika kitongoji cha Crosspool uko uwanja wa Sandygate, nyumbani kwa klabu ya Hallam. Siku ya tarehe 26 Desemba 1860 Sheffield na Hallam walicheza hapo, na uwanja huo unahesabiwa kuwa wa zamani kuliko viwanja vyote vya mpira duniani. Nilipouona nilicheka kidogo, kwa maana umeinama kama shamba la mlimani. Timu moja hushambulia ikipanda, na nyingine ikishuka. Baada ya mapumziko hubadilishana taabu hiyo.

Klabu hizi mbili kongwe hazichezi Ligi Kuu. Uingereza ina klabu 20 katika Ligi Kuu na klabu 72 katika ligi tatu zinazofuata. Chini ya hizo 92 ziko klabu nyingi mno, ligi juu ya ligi, kama ngazi ndefu. Wachezaji wengi wa ngazi za chini ni watu wenye kazi zao: mafundi, madereva, walimu. Klabu hizo huishi kwa kiingilio cha mlangoni, kwa chai na pai za nyama zinazouzwa karibu na uwanja, na kwa watu wanaojitolea kukata majani na kupiga chokaa.

2. Jinsi wanavyopanga

Mzee wangu hakuwa mtu wa kuamka Jumamosi na kusema, "Leo twende wapi?" Kila Jumatano usiku alitandaza ratiba mezani. Niliyojifunza kwake ni haya.

Kwanza, huchagua mechi kwa sababu. Juma moja ataitazama timu inayopigania kupanda daraja. Juma jingine atakwenda kwenye uwanja ambao hajaufikia maishani. Wako watu ambao furaha yao yote ni kufika viwanja vipya na kuviandika katika daftari. Mwezi wa Agosti wengi huchagua Kombe la FA, kwa maana raundi zake za mwanzo ni za timu ndogo tupu. Klabu zaidi ya 700 huingia katika kombe hilo, na wakubwa wa Ligi Kuu hawatokei mpaka raundi ya tatu, mwezi wa Januari.

Pili, huunganisha mechi mbili pale inapowezekana. Vijana wa chini ya miaka 18 wa klabu kubwa mara nyingi hucheza Jumamosi asubuhi, na timu za watu wazima huanza saa tisa alasiri. Mtu mwenye mpango mzuri huwatazama vijana asubuhi, hula chakula njiani, kisha huwahi mechi ya alasiri.

Tatu, huhesabu safari ya kurudi kabla ya safari ya kwenda. Ni basi gani la mwisho? Je, garimoshi likichelewa, iko njia nyingine?

Nne, huuliza habari asubuhi ya siku ile ile. Somo hili nililipata kwa uchungu. Jumamosi moja ya Januari mzee alikuwa mgonjwa, nikasafiri peke yangu kwa mabasi mawili. Nilikuta lango limefungwa na karatasi imebandikwa: refa ameukagua uwanja asubuhi, ameona umeganda kwa jalidi, mechi imeahirishwa. Nilirudi nikitetemeka. Mzee aliponisikia aliniuliza jambo moja tu: "Hukupiga simu?"

Tano, hulipa kiingilio hata kama lango limelegea. Alikuwa akisema kwamba pauni chache anazotoa mlangoni ndizo chokaa ya mistari ya juma lijalo.

Msidhani kwamba faida ya kutazama mechi ndogo ni ya klabu peke yake. Karibu na Sheffield iko klabu ya Stocksbridge Park Steels. Hapo ndipo alipocheza Jamie Vardy baada ya kuachwa na timu ya vijana ya Sheffield Wednesday alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi. Alilipwa pauni 30 kwa wiki na huku akifanya kazi kiwandani. Mwaka 2012 Leicester City walimnunua kwa pauni milioni moja kutoka Fleetwood Town, na mwaka 2016 alikuwa bingwa wa Ligi Kuu. Wale waliosimama kando ya uwanja wa Stocksbridge kwenye baridi walimwona kabla ya ulimwengu kumwona.

3. Kwa nini saa tisa?

Saa tisa alasiri ya Jumamosi haikuchaguliwa ovyo. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1850 iliamuru kwamba wanawake na vijana katika viwanda vya nguo waache kazi saa nane mchana siku ya Jumamosi. Kidogo kidogo wafanyakazi wengine nao wakapata nusu siku hiyo. Mtu alitoka kiwandani, akanawa, akala, akaenda mpirani.

Televisheni ilipoingia majumbani, wakuu wa mpira waliogopa kwamba watu watakaa nyumbani kutazama timu kubwa, na milango ya timu ndogo itakosa kiingilio. Kwa hiyo tangu miaka ya 1960 iko kanuni: wakati wa msimu, kuanzia saa nane na dakika 45 mchana hadi saa kumi na moja na robo jioni ya Jumamosi, televisheni za Uingereza hazionyeshi mechi yoyote ya mpira moja kwa moja. Kanuni hiyo ni kama ua uliojengwa kuzunguka shamba dogo ili ng'ombe wakubwa wasilikanyage.

Zaidi ya hayo, mwaka 2010 mashabiki walianzisha siku maalumu ya mpira wa ngazi za chini. Siku hiyo huwekwa Jumamosi ambayo Ligi Kuu imesimama kwa ajili ya mechi za mataifa, na kila shabiki wa timu kubwa huombwa aende kwenye uwanja mdogo ulio karibu na nyumba yake.

Mfano mmoja unaonyesha thamani ya mtazamaji. Tarehe 10 Januari 2021 klabu ndogo ya Marine, ya daraja la nane, iliikaribisha Tottenham katika Kombe la FA. Ingekuwa siku ya mavuno, lakini viwanja vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Basi klabu ikauza tiketi za kuwazia, yaani tiketi zisizomwingiza mtu popote. Watu walinunua zaidi ya 30,000. Marine walifungwa mabao matano kwa bila, lakini klabu ilipata fedha za kuendelea.

4. Hesabu ya saa zetu

Sasa sikilizeni jambo lililonitia aibu. Kanuni ile ya televisheni ni ya Uingereza, haivuki bahari. Mechi ya saa tisa ambayo mtu wa Sheffield hawezi kuiona nyumbani kwake, mimi naiona hapa kwetu kwa shilingi chache. Ua uliojengwa kulinda uwanja mdogo wa Sandygate haukujengwa kuulinda uwanja wa shule yetu. Hapa kila mtu hana budi kuwa ua yeye mwenyewe.

Tuchukue kalamu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, saa zetu huwa mbele ya saa za Uingereza kwa saa tatu. Miezi mingine, kwa kuwa wao husogeza saa zao mbele, tofauti huwa saa mbili. Mechi moja ina dakika 90, mapumziko ya dakika 15, na dakika za nyongeza. Tuseme jumla ni saa moja na dakika 55. Mechi zetu huanza saa kumi jioni, basi huisha saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

Mwezi wa Februari, mechi yao ya saa sita na nusu mchana huanza kwetu saa tisa na nusu. Hiyo itagongana na yetu. Lakini mechi zao za saa tisa huanza kwetu saa kumi na mbili, wakati yetu imekwisha. Mtu anaweza kuwatazama watoto wetu wote mpaka filimbi ya mwisho, kisha akaenda kwenye banda bila kukosa mengi.

Mwezi wa Aprili mambo hubadilika. Mechi yao ya mchana huanza kwetu saa nane na nusu na kwisha saa kumi na dakika 25. Zile za saa tisa huanza kwetu saa kumi na moja. Mechi yetu imebanwa katikati, kichwa na mkia. Hapo hakuna hila, mtu achague.

Mimi Jumamosi ile sikuchagua. Nilijiambia nitatazama ya mchana kisha nitakimbia uwanjani. Ilipokwisha nikasema ngoja nione mwanzo wa ile ya saa kumi na moja. Asiye na mpango hupangiwa na kiti alichokalia.

5. Mpango wetu

Nawashauri wanafunzi, walimu na wazazi tufanye hivi.

Ratiba ya mechi zote za shule na za ligi ya wilaya ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila Jumatano. Kila mmoja achague walau mechi moja kwa mwezi na kuiandika katika daftari lake. Ahesabu mwendo: ni dakika ngapi kwa miguu, na atarudi kwa njia gani kabla ya giza? Asubuhi ya Jumamosi amwulize mwalimu wa michezo kama mvua imejaza maji uwanjani au mechi imehamishwa. Palipo na kiingilio, alipe. Pasipo na kiingilio, aje na dumu la maji, au apeleke mikono yake kusaidia kufunga nyavu. Asimame nje ya mstari, wala asimtukane refa.

Na ajifunze majina. Mbwana Samatta, ambaye Januari 2020 alijiunga na Aston Villa akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alianza katika African Lyon ya Dar es Salaam kabla ya kwenda Simba na TP Mazembe. Siku hizo wako waliomtazama na wako waliokuwa na shughuli nyingine.

Lakini wazazi, nawasihi msije kwa kutafuta Samatta. Njooni kwa ajili ya mtoto ambaye hatachezea timu yoyote akimaliza shule. Huyo, mechi zake ni hizi tu.

Jumamosi iliyofuata nilifika uwanjani saa kumi kasoro robo. Tulifungwa mabao mawili, na la pili lilipita mikononi mwa kijana wetu kwa kosa lake mwenyewe. Alilala chini kitambo, kisha akainuka akatazama upande tuliosimama. Nilimpigia makofi. Jumatatu alinisalimu akapita, wala hakuniuliza kitu.

Maswali

1. Mechi inaanza Uingereza saa tisa alasiri mwezi wa Novemba. Kwetu ni saa ngapi? Je, mwezi wa Mei?

2. Unaishi mwendo wa dakika 40 kwa miguu kutoka uwanjani. Mechi inaanza saa kumi, nawe unataka kufika robo saa kabla. Utaondoka nyumbani saa ngapi?

3. Eleza kwa maneno yako kwa nini Waingereza waliweka kanuni ya televisheni, na kwa nini kanuni hiyo haiusaidii uwanja wetu.

4. Andika mpango wako wa Jumamosi ijayo. Mwonyeshe mzazi wako, umwalike mfuatane.